Profesa Aliyetaka Wasifu wa Ukurasa Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa maisha ya mwanamume wa Mosocho aliyekuwa amefariki Jumapili, nikaambiwa niyachape kabla ya chakula cha mchana. Duka la uchapaji lilikuwa chumba chembamba juu kidogo ya soko la Kisii, chumba chenye harufu ya wino na mafuta ya taa. Mwenye duka tulimwita Meneja, ingawa hakukuwa na mtu mwingine wa kusimamia ila mimi na mashine mbili. Alivaa tai hata siku za mvua.

“Unajua kwa nini nimekuajiri?” aliniuliza.

“Kwa sababu nilipita Kiingereza.”

“Wa kupita Kiingereza ni wengi hapa kuliko ndizi. Nimekuajiri kwa sababu ulipoingia uliniuliza saa ya ukutani imekufa lini. Wengine wote waliniuliza mshahara.”

Kazi yetu ilikuwa kuandika na kuchapa wasifu wa marehemu, ule ambao watu wengi hapa Gusii huuita yuloji. Ninyi vijana mnaofanya kazi hii kwa simu hamkuijua stensili. Ilikuwa karatasi ya nta. Ulitoa utepe wa wino kwenye taipureta ili herufi zitoboe ile nta, kisha karatasi ikafungwa kwenye pipa la mashine, ukazungusha mkono, na wino ukapita kwenye matundu. Ukikosea herufi, ulipaka dawa nyekundu iliyofanana na rangi ya kucha, ukaipuliza ikauke, ukachapa upya juu yake. Kwa hiyo tulijifunza kufikiri kabla ya kugusa.

Meneja alinifundisha pia kuuliza. Hakukubali maneno ya mtu mmoja. Nilipofika nyumbani kwenye msiba, nilitakiwa kuzungumza na ndugu, jirani na mtoto, kila mmoja peke yake, halafu nilinganishe. “Marehemu hawezi kuja hapa kulalamika,” alisema. “Kwa hiyo wewe lalamika kwa niaba yake.”

Wasifu wa siku hizo ulikuwa na mpangilio wake. Alizaliwa na nani, alibatizwa lini na nani, alioa au aliolewa wapi, alifanya kazi gani, alizaa nani, aliugua nini. Masomo yalipata mstari mmoja, na mara nyingi mstari wenyewe haukufika mwisho wa karatasi. Mambo ya imani yalipata aya nzima, kwa sababu watu walikuwa na ya kusema: kwamba alitembea hadi Nyakoe kila Sabato akiwa na mtoto mgongoni, kwamba aligombana na kaka yake juu ya mpaka wa shamba, akaomba, akaenda mwenyewe kumwambia yaishe.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa kusimamia meza yetu ndogo Mosocho, ndani ya duka la mbegu. Huko sikuwa na mashine. Nilikusanya habari na kuzituma mjini. Halafu Meneja alifungua tawi Nyamira, na huko nikawa chini ya mama mmoja tuliyemwita Msimamizi, Mkatoliki mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma prufu, yaani ile nakala ya kwanza ya majaribio. Alisoma kwa sauti, na nukta na mkato akavitaja, huku mimi nikifuata kwa kidole kwenye karatasi nyingine. Tulisoma hivyo wafu wa nusu ya wilaya. Ijumaa jua likikaribia kuzama nilipovaa koti langu, alinitazama juu ya miwani.

“Haya, nenda, Kwamboka. Ninyi Wasabato mnapumzika mapema ili kesho kutwa mtucheke tukienda kanisani tumechoka.”

“Na ninyi mnafanya kazi Jumamosi ili mtukute tumeshiba.”

Alikuwa mtu wa kucheka bila kufungua mdomo. Alikufa bado akiwa kazini, na wasifu wake niliuandika mimi.

Kompyuta zilipofika, niliitwa nirudi Kisii. Meneja alikuwa amezeeka, na mwanawe, aliyesomea biashara, ndiye aliyeketi kwenye kiti chake. Huyo tulimwita Mkurugenzi. Sina ubaya naye. Alitulipa kwa wakati na alituheshimu. Lakini aliiangalia kazi yetu kama mtu anavyoangalia foleni, akitaka isonge. Akatengeneza kiolezo, yaani wasifu uliokwisha kuandikwa nusu, ambao unajaza tu majina kwenye nafasi zilizo wazi.

Ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa limeanza kitambo bila mimi kuliangalia vizuri. Fungu la masomo lilikuwa limepanda juu na kunenepa. Shule ya chekechea ilitajwa kwa jina. Alama za kidato cha nne zilitajwa. Kisha stashahada, shahada, shahada ya pili, semina ya siku chache iliyofanyika hotelini. Baada ya hapo yalifuata masomo ya watoto, ya wakwe, na ya mjukuu aliyekuwa ndiyo kwanza anajiunga na chuo kikuu. Picha ya jalada ilikuwa ya joho na kofia ya mahafali, hata kama marehemu alilivaa siku moja tu maishani. Sikushangaa. Mashamba yetu yamegawanywa mpaka mtu anaweza kumsalimia jirani akiwa kitandani, na elimu ndiyo shamba pekee ambalo baba bado anaweza kumgawia mtoto. Watu wa kwetu wanaipenda kwa sababu imewalisha.

Fungu la imani ndilo lililopungua. Katika kiolezo cha Mkurugenzi lilikuwa sentensi moja, nayo haikuwa na nafasi ya kujaza kitu: “Marehemu alikuwa Mkristo mcha Mungu.” Tuliwapa wote. Tulimpa mzee mmoja wa Nyakoe ambaye kijiji kizima kilijua alikuwa anakunywa asubuhi na kupiga watu jioni. Msomaji alipofika hapo, sauti ikatoka nyuma ya hema: “Samahani, hivi leo tunazika nani? Mimi nimeingia mazishi yasiyo yangu?” Watu walicheka hadi mchungaji akainamisha uso kwenye Biblia yake.

Profesa aliingia dukani kwetu akiwa na msiba wa kaka yake. Alikuwa amestaafu chuo kikuu, ambako alifundisha mambo ya mimea na magonjwa yake, na alikuwa amerudi Nyacheki kuishi kati ya michai yake. Mrefu, mwenye sauti ya chini, shati limefungwa hadi shingoni. Nilimpa prufu aisome. Alisoma yote kwa kalamu mkononi, akarekebisha jina la mkwe, halafu akafika kwenye ile sentensi na kalamu ikasimama.

“Mama, hii umeitoa wapi?”

“Ipi, Profesa?”

“Kwamba alikuwa mcha Mungu. Nani alikwambia?”

Nilikuwa nimeuliza watu watatu kuhusu tarehe aliyooa, na sikuwa nimemwuliza hata mtu mmoja kuhusu hilo.

“Sisemi ni uongo,” akasema. “Mimi ni kaka yake na sijui. Ndiyo maana nauliza.”

Tangu siku hiyo nililiweka swali lake kati ya maswali yangu. Nilipokaa na wafiwa, nikishamaliza tarehe na shule, niliuliza: alimjua Mungu vipi? Sikuuliza alisali kanisa gani. Mara nyingi nilipata kimya. Kijana mmoja aliyejua alama za baba yake katika kila somo alinitazama kama nimemwuliza baba yake alivaa soksi za rangi gani. Binti mwingine aliniambia, “Hilo muulize pasta,” na pasta akaniambia nimuulize binti. Lakini mara chache nilipata kitu cha kuandika. Mjane mmoja wa Mosocho alisema: “Alinyamaza kabla ya kula. Mimi sikusikia alichokuwa akisema. Lakini ugali ulikuwa unapoa, na hakujali. Nilikasirika miaka mingi kwa ajili ya ule ugali. Halafu nikaanza kumngoja.”

Niliandika hivyo hivyo. Mkurugenzi aliyafuta maneno hayo kwa sababu yalizidi ukurasa.

Miaka michache baadaye mke wa Profesa alinipigia simu. Tulimwita Mama Moraa, kwa jina la binti yao wa kwanza. Alisema mzee anaumwa, hatoki tena, na ananitaka. Nikapanda hadi Nyacheki. Nilimkuta ameketi kwenye kiti kirefu barazani, blanketi magotini, anatazama wachumaji wakipanda mteremko na vikapu mgongoni.

“Nataka uandike wasifu wangu mimi mwenyewe nikiwa hai,” akasema. “Ukurasa mmoja.”

“Profesa, wewe hautoshi kwenye ukurasa mmoja.”

“Mimi natosha. Vyeti ndivyo havitoshi. Usiviweke.”

Nilidhani anatania. Katika kazi yangu yote sikuwahi kumsikia mtu wa kwetu akikataa kutajiwa shahada, na huyu alikuwa nazo hadi ya uzamifu na vyeo vyote vilivyo juu yake. Aliniona ninavyomtazama.

“Kaa chini, dada. Nitakueleza mara moja, kwa sababu pumzi ni kidogo.”

Akanieleza. Alikuwa amefundisha somo la Sabato kwa miaka mingi. Alikuwa amejisomea lugha za kale ili aelewe maandiko, na watu walitoka makanisa mengine kuja kumsikiliza. Kisha Moraa akaugua, akiwa mama mwenye watoto wadogo. Profesa aliutafuta ule ugonjwa katika majarida ya kitaaluma mpaka akaujua hatua kwa hatua. Aliketi kando ya kitanda akijua kila kitakachofuata.

“Siku moja akaniambia, ‘Tata, omba.’” Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii. “Nikaomba. Niliomba vizuri sana, wewe Kwamboka ungeweza kuyachapa yale maneno bila kubadilisha hata nukta. Nilipomaliza akasema, ‘Yaya, Tata, hapana. Hiyo ni ya kanisani. Ongea naye tu.’ Nikafungua mdomo.” Akalivuta blanketi. “Sikuwa na la kusema. Ilikuwa kama kupewa simu uongee na mtu ambaye umeandika vitabu juu yake, na hajawahi kuisikia sauti yako. Nilijua habari zake zote. Yeye mwenyewe sikuwa namjua.”

“Ukafanyaje?”

“Nilitoka nje. Mama yake akaingia, akaongea na Mungu kama anaongea na mtu aliyeketi palepale kwenye kigoda. Moraa akalala. Hakuishi sana baada ya hapo.” Alipumua. “Nilianza baadaye, nikiwa na mvi. Nilianza kama mtoto wa chekechea, namwambia leo nina hasira nawe. Nikaendelea. Sasa namjua kidogo. Hicho kidogo ndicho ninachotaka kisomwe. Watu wa hapa wanawauza ng'ombe ili watoto wao wawe kama mimi. Nataka wajue nilikosa nini nilipokuwa navyo vyote.”

Niliandika alivyosema, nikamsomea, akakubali. Nikamwahidi kwamba siku ikifika, hayo ndiyo yatakayosomwa. Mama Moraa alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya chai, akasikia ahadi hiyo.

Profesa alifariki wakati wa mvua za masika. Kamati ya mazishi ikaundwa, na mwenyekiti wake alikuwa mwanawe, aliyekuwa akijenga barabara na madaraja, na ambaye kila mtu, hata shangazi zake, alimwita Injinia. Alikuja dukani na wasifu aliouandika yeye na wajumbe wenzake: kurasa kumi na sita. Vijitabu vyetu huenda kwa nne nne, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, na yeye alikuwa ameshapanga zote zijae. Jalada lilikuwa joho jekundu. Ndani mlikuwa na orodha ya vyuo, tafiti, mihadhara ya ng'ambo. Na karibu na mwisho, ile sentensi ya kiolezo.

Nikamwambia kuhusu ukurasa mmoja. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Mama Kwamboka, ulipewa haya yakiwa na saini yake?”

“Hapana. Alinitamkia, nikaandika.”

“Alikuwa anatumia dawa kali za maumivu.”

“Alinirekebisha sarufi mara mbili, Injinia. Akili ilikuwa yake.”

Mkurugenzi aliingilia kati kwa sauti ya chini. “Mteja ni familia. Sisi tunachapa kile familia inacholeta.” Na kusema kweli, hiyo ndiyo sheria ya kazi yetu, na mimi mwenyewe niliwafundisha wengine hivyo.

Nikapanda tena Nyacheki. Hema lilikuwa limeshasimikwa na viti vya plastiki vimejaa kati ya nyumba na michai. Tukaketi: Mama Moraa, Injinia, mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa binamu wa marehemu, na mimi.

Injinia hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alisema: “Baba alitoka hapa miguu mitupu. Kila mtoto wa mteremko huu anayekwenda shule anaambiwa, soma uwe kama Profesa. Leo tukiwaambia kwamba elimu yake haikuwa kitu, tunawaambia nini? Waache shule waje kuchuma chai? Na maprofesa wenzake watakuja. Watasema watoto walimwonea aibu, au wamegombania shamba.”

Yule mzee wa ukoo akatikisa kichwa. “Mimi niliuza fahali wangu wawili kwa ajili ya ada yake. Sasa hata fahali wangu hawatajwi?” Alisema kama anatania, lakini hakuwa anatania.

“Hakusema elimu si kitu,” nikasema. “Alisema kuna Mtu wa kumjua kwanza, na kwamba yeye alimweka nyuma.”

“Basi andika hivyo kwa sentensi moja,” Injinia akasema.

“Ipo sentensi moja, baba. Umeiandika mwenyewe. Nikuulize: alimjua Mungu vipi?”

Alifungua mdomo, kisha akamtazama mama yake. Nilikuwa nimeliuliza swali hilo katika nyumba nyingi hivi kwamba nilikijua kimya chake mapema. Sikufurahi kukiona. Nilikuwa nimechoka, na nilimwonea huruma.

Mama Moraa ndiye aliyeongea. Hakupandisha sauti. “Chapa kurasa zako zote, mwanangu. Ni kweli alisoma, na fahali waliuzwa. Watu wataondoka nazo mkononi. Lakini kipaza sauti hakitasoma hizo. Kitasoma alichosema yeye. Mimi nilikuwa mlangoni, nilisikia.”

“Mama, mimi ndiye niliyepangiwa kusoma.”

“Basi soma.”

“Sitaweza kusoma kitu ambacho sikukisikia.”

“Basi asome aliyekisikia.”

Mzee wa ukoo akaomba chai, na mjadala ukaishia hapo, kama mijadala ya kwetu inavyoishia.

Siku ya mazishi watu walijaa hadi ndani ya michai. Mfawidhi, au emsii kama anavyoitwa siku hizi, alikuwa kijana mwenye suti inayong'aa. Alianza kwa kuwainua wasomi. “Wenye shahada ya uzamifu wasimame tuwaone! Wenye shahada ya pili! Wahandisi! Madaktari!” Viti vikalia. Ajuza mmoja karibu yangu akasema kwa sauti ya kusikika, “Na sisi wenye magoti mabovu tuendelee kukaa?” Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Nikaitwa kusoma wasifu. Niliona watu wakifungua vijitabu wanifuate, wakipekua mbele na nyuma wakitafuta maneno yangu, wasiyapate. Nilisoma alikozaliwa na alikofundisha, ambayo Profesa mwenyewe aliyaruhusu kwa mstari mmoja. Kisha nikasoma habari ya kitanda cha Moraa. Nilisoma alivyoomba vizuri na alivyokatazwa. Nilisoma neno lile la binti yake kwa Ekegusii, kama alivyolisema, na karatasi za vijitabu zikaacha kupekuliwa. Nikasoma mwisho wake: “Kila nilichokisomea nilikielewa kwa bidii yangu, na chuo kimenishukuru. Mungu sikumwelewa kwa bidii. Nilimjua siku nilipokosa tena la kusema mbele zake, na safari hiyo nikabaki pale. Someni, watoto wa Nyacheki. Lakini msingoje mvi ndipo mwongee naye.”

Hakuna aliyepiga makofi. Mfawidhi alichukua kipaza sauti, akakishika tu, kisha akamkabidhi mchungaji. Maprofesa wawili walikuwa wameinama. Wengine walinung'unika kwamba mzee ameaibishwa mbele ya wageni, na niliwasikia. Mtu mmoja alisema wazi kuwa mwanamke wa duka amemvua Profesa joho hadharani.

Baada ya mazishi nilikaa kwenye kiti chini ya hema nikingoja mvua ipungue. Miguu ilikuwa imevimba. Injinia akaja, akavuta kiti, akaketi. Nilidhani amekuja kunigombeza, na nilikuwa tayari kwa hilo.

“Hiyo habari ya Moraa,” akasema. “Sikuijua.”

“Hakukwambia?”

“Nilikuwa ng'ambo, namalizia shahada ya pili. Baba alinikataza kurudi. Alisema mtihani kwanza, dada yako yuko katika mikono salama. Nilirudi akiwa ameshazikwa. Waliniambia alikwenda kwa amani, basi.” Alikuwa anakunja na kukunjua kile kijitabu cha kurasa kumi na sita. “Hakuwahi kuniambia kwamba alishindwa kuomba. Mimi nilidhani hajawahi kushindwa kitu. Alisema nini kingine siku ile?”

Nikamwambia yote niliyoyakumbuka, hata yale yasiyoingia kwenye ukurasa. Vijana walikuwa wanalitoa hema juu yetu, wakatuomba tusogee. Tulisogeza viti kwenye ukuta wa nyumba na tukaendelea. Aliniuliza jambo moja mara kadhaa kwa namna mbalimbali: alianzaje? Mtu mwenye mvi, tena profesa, alianzaje kuongea na Mungu? Nilimjibu kila mara yale yale, kwamba alianza kwa kumwambia ana hasira naye. Mwishowe Injinia akasema, “Hiyo ninayo,” akainuka akaenda kumtafuta mama yake.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho kubwa. Nilistaafu kabla mwaka haujaisha, kwa hiari yangu, kwa sababu macho hayasomi tena prufu na moyo ulikuwa umechoka kubeba watu wasiowahi kunisalimia. Mkurugenzi alinifanyia sherehe ndogo yenye soda na keki, akanipa cheti. Nilikipokea kwa mikono miwili. Kiolezo chake bado kinatumika. Nilikiona wiki iliyopita kwenye simu ya jirani, sentensi ile ikiwa palepale. Sikubadilisha biashara hiyo hata kidogo, na sitaki mdhani nilibadilisha.

Siwaambii muache kuandika masomo ya watu. Andikeni, na msiwakosee mwaka. Ninachowaomba ninyi mnaoifanya kazi hii sasa ni muulize lile swali lingine pia, na mkinyamaziwa, mkivumilie kimya hicho. Msikijaze kwa maneno yaliyo tayari. Mtu anaweza kuanzia hapo.

Mimi siku hizi nachuma michai yangu michache, jioni napeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, kisha nakaa mlangoni kuomba. Hapo ndipo nimegundua ugumu wangu. Vidole vilivyochapa sifa za watu miaka yote hiyo vimeufundisha mdomo wangu vibaya. Naanza kumtajia Mungu ukuu wake kwa mpangilio mzuri, aya baada ya aya, kama nasoma mbele ya hema, na katikati nagundua kwamba namwandikia wasifu aliye hai. Basi nanyamaza. Namwambia kwamba magoti yanauma, kwamba leo sikumpenda jirani yangu, kwamba nimechoka. Siku nyingine hakuna zaidi ya hayo, giza linaingia, na nabaki nimekaa naye.